Kwa nini kuifuta miwani ya kuogelea ndiko kunakoiharibu

Mwogeleaji anagusa ukuta, anapandisha miwani kwenye paji la uso, anaingiza kidole gumba ndani ya kila kikombe na kufuta ukungu. Anaivaa tena na kuondoka. Mita 25 za kwanza anaona kila kigae cha sakafu ya bwawa. Kufikia mita 50 weupe umeanza kurudi pembeni. Kwenye mita 100 haoni tena mstari mweusi wa chini, anahesabu mipigo ya mikono yake ili asigonge ukuta. Anasimama na kufuta tena. Baada ya wiki chache atasema miwani ile ilikuwa mbovu tangu alipoinunua.

Haikuwa mbovu. Ilitoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba uliopakwa ndani kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia ukungu, na kile kidole gumba ndicho kilichouondoa, siku baada ya siku, kikidhani kinasaidia. Mimi mwenyewe nilimaliza jozi kadhaa kwa njia hiyo kabla sijaelewa ninachokifanya, na tangu hapo kila nikimwona mtu ukutani akisugua ndani ya miwani hutamani kumshika mkono. Ili tabia hiyo imtoke mtu, haitoshi kumwambia aache. Inabidi ajue ukungu wenyewe ni nini, na utando ule unafanyaje kazi.

Mvuke unatoka wapi

Wengi hudhani ni pumzi. Kwa mpiga mbizi hilo lina ukweli, maana barakoa yake hufunika pua, na kila akitoa hewa puani huimwagia barakoa unyevu wa mapafu. Miwani ya kuogelea haifuniki pua. Mvuke wake hutoka kwenye ngozi inayozunguka jicho, ambayo hutoa jasho hata ukiwa majini, na kwenye jicho lenyewe, ambalo uso wake huwa na maji wakati wote. Ngozi ya uso ina nyuzi joto 33 au 34 hivi za Selsiasi. Kikombe cha miwani kimefungwa kwa mpira laini wa silikoni ili maji ya nje yasiingie, na kwa sababu hiyohiyo unyevu wa ndani hautoki. Kwa muda mfupi tu hewa iliyomo inakuwa imeshiba maji.

Upande wa pili wa kioo kuna bwawa. (Tunakiita kioo, na nitaendelea kukiita hivyo, ingawa kwenye miwani nyingi ya kuogelea ni plastiki iitwayo polikaboneti.) Mabwawa ya mashindano hutunzwa kati ya nyuzi 25 na 28. Ziwa au bahari ya baridi inaweza kuwa na nyuzi 18 au pungufu. Maji huchukua joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25, kwa hiyo kioo chembamba kilicho katikati ya uso na maji hufuata joto la maji.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikipoa hulazimika kuutua. Iliyoshiba kwenye nyuzi 33 hubeba karibu gramu 35 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Kwenye nyuzi 27 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 26 hivi, na kwenye nyuzi 18 ni gramu 15 tu. Hewa ya ndani ya kikombe ikigusa kioo kilichopozwa, ile tofauti hugeuka maji papo hapo, kama chupa ya maji baridi inavyotoa jasho ikiwekwa mezani. Ndiyo maana miwani isiyosumbua kabisa kwenye bwawa la vuguvugu huja kumsumbua mwenyewe siku ya mashindano ziwani. Miwani ni ileile. Kilichobadilika ni pengo kati ya joto la uso na joto la maji.

Kikombe kimoja cha miwani hubeba mililita chache tu za hewa, na mvuke uliomo haufiki hata miligramu moja. Mtu anaweza kufikiri kwamba akiufuta mara moja ameumaliza. Lakini ngozi haijaacha kutoa jasho na jicho halijaacha kuwa na maji. Kilichofutwa kinajazwa upya baada ya dakika chache. Kufuta ukungu ni kupiga deki huku bomba likiwa wazi.

Kwa hiyo maji yatatua juu ya kioo, utake usitake. Hakuna dawa, utando wala miwani ya bei yoyote inayozuia hilo uso ukiwa na joto na maji yakiwa baridi. Kinachowezekana ni kuamua maji hayo yatakaa kwa umbo gani.

Matone au shuka

Maji yanapotua juu ya polikaboneti tupu hayapendi kutandaa. Plastiki hiyo haiyavuti sana, na maji yenyewe yana nguvu ya kujikusanya, ile inayofanya uso wa maji uwe kama ngozi iliyovutwa. Basi yanajikunja na kusimama kama vijipira vilivyokatwa nusu, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kidogo kuliko jicho linavyoweza kukitambua peke yake. Kila kijipira hupindisha mwanga kuelekea upande wake. Mwanga uliotoka kwenye ukuta wa bwawa hufika kwenye jicho ukiwa umetawanyika pande zote, na jicho linaona weupe. Weupe huo ndio ukungu.

Chukua kiasi kilekile cha maji, ukitandaze juu ya kioo kama shuka nyembamba isiyo na mikunjo. Mwanga unapita moja kwa moja. Maji yapo, huyaoni.

Njia zote za kuzuia ukungu zinazofanya kazi kweli, kuanzia mate ya mvuvi anayezamia hadi utando wa kiwandani, hufanya jambo hili moja: hulazimisha maji yatandae. Ama hubadilisha kioo kiwe kinavuta maji, ama hudhoofisha ile nguvu ya maji kujikusanya. Sabuni hufanya hili la pili. Maji safi kwenye nyuzi 25 yana mvutano wa uso, yaani hiyo nguvu ya kujikusanya, wa milinyutoni 72 kwa mita, na sabuni kidogo tu huushusha hadi karibu nusu. Tone lililokuwa limesimama hulala.

Suala hili liliwahi kukaribia kuleta maafa mbali kabisa na maji. Tarehe 5 Juni 1966 mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A kikiwa kinaizunguka dunia. Kazi ilikuwa nzito kuliko ilivyotarajiwa, mwili ulipata joto, mavazi yake hayakuweza kuliondoa, na kioo cha kofia kilijaa ukungu hadi akawa haoni. Akasugua kioo kwa ncha ya pua ili apate tundu la kuchungulia. Kazi ilikatizwa akarudi ndani. Safari zilizofuata, vioo vya kofia vilipakwa dawa ya kuzuia ukungu kabla ya mtu kutoka nje. Huwa napenda kulitaja tukio hili kwa sababu hata huko, penye wahandisi na fedha za taifa zima, kufuta hakukusaidia, na kilichosaidia kilikuwa jamaa wa sabuni.

Utando wa kiwandani na adui zake

Miwani mipya huandikwa kuwa imekingwa na ukungu. Maana yake ni kwamba upande wa ndani wa kioo umepakwa tabaka jembamba sana la kitu kinachopenda maji. Mara nyingi huwa ni aina ya plastiki laini inayofyonza unyevu, ikiwa imechanganywa na viambato vya jamii ya sabuni. Maji yakitua, sehemu hufyonzwa na inayobaki hutandaa.

Sifa hiyo ya kufyonza ndiyo udhaifu wake. Kitu kinachofyonza maji hulainika kikiwa na maji. Utando mkavu unaweza kustahimili kuguswa kidogo, lakini uliolowa uko kama ganda la sabuni lililokaa kwenye beseni: ukipitisha kidole unaukwangua. Na mwogeleaji hufuta lini? Akiwa ametoka kuogelea, utando ukiwa umeloa na laini kuliko wakati mwingine wowote. Kila ufutaji hubeba sehemu yake.

Kidole hufanya uharibifu wa pili. Kina mafuta ya ngozi, na mara nyingi losheni ya kujikinga na jua. Mafuta na maji havielewani, kwa hiyo pale kidole kilipopita maji hurudi kujikusanya kuwa matone. Ndiyo maana ukitazama vizuri miwani ya mtu anayefuta sana utaona ukungu umekaa kwa michirizi inayofuata njia ya kidole, huku kingo ambazo kidole hakifiki zikiwa bado safi. Iinue tu kwenye mwanga uone. Ramani ya uharibifu iko pale, na aliyeichora anajulikana.

Taulo ni mbaya kuliko kidole. Nyuzi zake hushika mchanga na chembe za chumvi, na kuisugulia ndani ya miwani ni kupiga msasa.

Klorini ya bwawa nayo hula utando, ingawa kwa mwendo wa polepole. Ni kemikali inayowekwa ili ivunje uchafu wa asili ya viumbe, na utando wetu nao ni kitu cha jamii hiyo. Kwa viwango vya kawaida vya bwawa, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, hauharibiki kwa siku moja. Kinachoumaliza ni yale maji yanayoachwa yakaukie juu ya kioo baada ya mazoezi, maana kadiri yanavyokauka kilichomo ndani yake kinazidi kuwa kikali. Bahari ina tatizo tofauti kidogo: lita moja ya maji yake hubeba karibu gramu 35 za chumvi, na ikikauka huacha fuwele ngumu. Ukizigusa kabla ya kuzisuuza, zinakwaruza. Jua kali na joto la ndani ya gari lililofungwa humalizia kazi, si kwa kioo chenyewe, ambacho huvumilia zaidi ya nyuzi 100, bali kwa utando, kwa gundi na kwa mpira wa pembeni.

Kabla hujapaka chochote, jua unatibu nini

Watu huita kila weupe ukungu, wakanunua dawa, wakapaka, wakaona hakuna nafuu. Weupe una zaidi ya chanzo kimoja.

Osha miwani kwa maji safi, iache ikauke kabisa bila kuigusa, kisha itazame ikiwa mikavu. Kama vioo ni vyeupe hata vikiwa vikavu, huo si ukungu. Inaweza kuwa chokaa ya maji magumu iliyoganda, losheni iliyokauka, mikwaruzo, au utando unaobanduka. Kama ni safi vikiwa vikavu na vyeupe ukivivaa tu, hapo ndipo penye ukungu. Sasa mimina maji kidogo ndani na uyatikise. Yakitandaa na kuteremka kama shuka, utando wako bado uko hai na tatizo liko kwenye matumizi. Yakijikusanya na kukimbia kwa matone, utando umeisha au umefunikwa na mafuta.

Kutofautisha mafuta na kuisha kwa utando si kugumu. Weka tone la shampuu laini ya watoto kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, tumbukiza miwani, iache humo dakika chache huku ukiizungusha, kisha suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Usisugue. Ikikauka, ipulizie pumzi. Kioo kikibaki angavu mara kadhaa ukirudia siku inayofuata, yalikuwa mafuta na umeyaondoa. Kikifunga ukungu kila mahali, utando umekwenda.

Mikwaruzo ina siri yake. Mikwaruzo ya nje, ambayo ndiyo humsikitisha mtu anapoiona dukani au kwenye begi, haina madhara makubwa ukiwa majini, kwa sababu maji huijaza. Mwanga hupinda sana unapovuka kati ya hewa na plastiki, ila hupinda kidogo tu unapovuka kati ya maji na plastiki, kwa hiyo mkwaruzo uliojaa maji karibu unatoweka. Ya ndani haina bahati hiyo. Ndani kuna hewa, na mkwaruzo unabaki kuonekana kama ulivyo, tena unakuwa mahali pa maji kuanzia kujikusanya. Ukilazimika kuchagua upande mmoja wa kuulinda, linda wa ndani.

Kuna pia maji yanayovuja. Hayo si ukungu hata kidogo, na dawa yake ni kurekebisha mkanda au daraja la pua, kile kipande kinachounganisha vikombe viwili. Uvujaji mkubwa unamwachia mtu jambo moja tu la kufanya, nalo ni kuhesabu. Kwenye fainali ya mita 200 za mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, miwani ya mwogeleaji wa Marekani Michael Phelps ilijaa maji. Aliogelea akihesabu mikono yake, na bado akagusa wa kwanza kwa rekodi ya dunia ya 1:52.03. Sisi wengine ni bora tukaze mkanda.

Utando ukiisha

Kuisha kwa utando wa kiwandani si mwisho wa miwani. Unachohitaji ni kitu kingine cha kulaza maji, na ukubali kukipaka kila unapoogelea.

Mate ndiyo ya zamani kuliko yote na yana sababu ya kufanya kazi. Yana protini na ute unaoshikamana na plastiki na kuifanya ivute maji. Tema kidogo kwenye kioo kikavu, eneza kwa ulimi au kwa ncha ya kidole kilichooshwa, suuza mara moja kwa haraka, vaa. Yanadumu kwa kipindi kifupi cha mazoezi. Hayana gharama na hayaumi macho. Nayashauri kwa miwani ambayo utando wake umeshakwisha, si kwa mipya, kwa sababu kueneza ni kugusa. Tena ni kwa miwani yako mwenyewe peke yake. Ya kuazimana usiitemee, na mwenye kidonda jichoni au anayevaa lenzi juu ya mboni aiache njia hii.

Shampuu ya watoto hudumu zaidi kidogo. Tone moja, lichanganywe na maji mara kadhaa ya ujazo wake, lipitishwe ndani ya kioo na kuachwa kwa dakika moja, kisha lisuuzwe. Ugumu wote uko kwenye kusuuza: ukisuuza kidogo macho yanawaka, ukisuuza sana umeiondoa yote. Mimi husuuza hadi povu liishe na kuishia hapo hapo.

Dawa za kupuliza au za jeli zinazouzwa kwa ajili hii ni binamu wa shampuu, zimetengenezwa zishike zaidi. Kosa la kawaida ni kuzipaka kwenye kioo kilicholowa, ukutani, katikati ya mazoezi. Zikikuta maji zinayeyuka na kwenda nayo. Zipake nyumbani kwenye kioo safi na kikavu, ziache zikauke, kisha suuza kidogo kabla ya kuvaa. Fuata maelekezo ya chupa husika kuhusu muda, maana hayafanani.

Kusuuza si jambo la kupuuza. Aprili 2001 mwanaanga Chris Hadfield wa Kanada alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga akisaidia kufunga mkono wa mitambo uitwao Canadarm2. Jicho moja likaanza kuwaka. Kule hakuna uzito wa kuteremsha machozi, yakakusanyika hadi yakavuka na kuingia jicho la pili, akabaki haoni kwa muda huku amening'inia nje. Chanzo kilikuja kubainika kuwa dawa ya kuzuia ukungu iliyopakwa ndani ya kioo cha kofia. Kitu kilekile kilichowaokoa na ukungu wanaanga waliomfuata Cernan kilimpofusha Hadfield, kwa sababu tu kilifika jichoni. Bwawani madhara ni madogo zaidi, lakini macho ni yaleyale.

Dawa ya meno sitaiacha ipite, kwa kuwa ushauri huo unasambaa sana. Wapiga mbizi huitumia kusugua barakoa mpya, na wana haki: vioo vya barakoa zao ni kioo cha kweli, kigumu, na hutoka kiwandani na utelezi wa silikoni unaopaswa kuondolewa. Polikaboneti ni laini kuliko chembe za kusugulia zilizomo kwenye dawa ya meno. Ukiisugua ndani ya miwani ya kuogelea unaondoa utando wote kwa dakika moja na kuacha mikwaruzo ya kudumu mahali pake. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, hufanya plastiki hii ipasuke nyufa ndogondogo. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia nazo huishambulia. Spiriti hung'oa viambato vya sabuni kutoka kwenye utando. Viazi, siki, maji ya moto: sina cha kuvisifia.

Ndani ya maji

Kuna mengi unayoweza kufanya bila kupaka chochote, na yote yanalenga lile pengo la joto.

Nyunyizia uso maji ya bwawa kabla ya kuvaa miwani. Ngozi iliyopoa hutoa mvuke mchache, na dakika za mwanzo ndizo huwa mbaya. Ivae mwishoni kabisa, ukiwa tayari kuingia. Aliyeivaa chumba cha kubadilishia nguo na kukaa nayo dakika kumi kwenye hewa ya joto anaingia majini na vikombe vilivyokwisha kushiba unyevu.

Paji la uso si mahali pa kuwekea miwani. Ni sehemu yenye joto, jasho na mafuta, na vikombe vikikaa pale vinafanya kazi ya kukusanya vyote vitatu. Hapo ndipo losheni ya jua huingia ndani ya kioo hata kwa mtu asiyegusa kamwe kwa kidole. Ukipumzika, ivue kabisa uishike mkononi, au iache machoni. Kama unapaka losheni, paka mapema ikauke, ruka eneo ambalo mpira wa miwani unakaa, na uoshe mikono kabla ya kuishika.

Ukungu ukija katikati ya mazoezi licha ya yote, usiufute. Inua ukingo wa kikombe kimoja, ruhusu maji kidogo ya bwawa yaingie, tikisa kichwa mara mbili, yamwage. Matone yote yanachukuliwa na maji hayo, kioo kinapoa, hewa inabadilishwa, na hakuna kilichosuguliwa. Waogeleaji wa masafa marefu huacha makusudi matone mawili matatu ndani, yakawa yanazunguka na kusafisha kioo kila wanapogeuza kichwa kuvuta pumzi. Huchukua siku chache kuzoea maji kugusa kope. Ukishazoea hutarudi nyuma.

Ukitoka, suuza kwa maji safi yasiyo ya moto, kung'uta, iache ikauke kivulini ikiwa wazi, ndipo uitie kwenye mfuko wake. Ikifungwa ikiwa na maji, mpira huota vidoa vyeusi vya kuvu na kioo huvaa utelezi.

Tando nyingine

Miwani ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia ina tabaka jembamba la metali au oksidi lililowekwa upande wa nje. Halina uhusiano wowote na ukungu. Kazi yake ni kupunguza mwanga unaoingia. Likianza kuchubuka kwenye kingo na kuacha mabaka, huwezi kulirudisha, na kulisugua ili mabaka yafanane kunaharakisha tu. Mara nyingi huchubuka kwa sababu miwani miwili imelala ndani ya begi moja ikisuguana, au imewekwa uso chini kwenye zege la ukingo wa bwawa. Miwani inayochuja mng'ao wa jua juu ya maji hutegemea filamu iliyobandikwa kwenye kioo. Maji yakipenya pembeni mwa filamu hiyo utaona mawimbi ya rangi au mapovu yasiyotoka kwa kuosha. Huko ni kubanduka, na dawa ya ukungu haina kazi hapo.

Kioo kilichojaa mikwaruzo ndani, au ambacho utando wake umebanduka vipande vipande ukaacha ramani ya mabaka, hakitengenezeki. Kupaka dawa juu ya utando uliobaki nusu huleta sehemu zinazoona na sehemu zisizoona, jambo linalochosha macho kuliko ukungu wenyewe. Hapo nunua nyingine.

Na siku utakayoifungua hiyo mpya, maliza marekebisho yote nyumbani, ukiwa mkavu na mikono imeoshwa. Bonyeza vikombe machoni bila mkanda: vikijishikilia vyenyewe kwa sekunde mbili tatu, umbo linakufaa. Chagua daraja la pua, kaza mkanda kwa kiasi kisichoacha alama nzito, na ushike kingo tu. Asiye na haja ya kuivuavua bwawani ili kuirekebisha hana pia sababu ya kuingiza kidole ndani.